Sauti ya Nyenje

Cliff Edwards alifariki Hollywood tarehe 17 Julai 1971, akiwa na miaka 76. Hakutokea ndugu wala rafiki wa kuuchukua mwili wake, ukapelekwa kwenye kitivo cha udaktari cha Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, wanafunzi wajifunzie. Baadaye ndipo ilipofahamika kwamba maiti hiyo isiyo na mwenyewe ilikuwa ya mwimbaji wa Pinocchio, filamu ya katuni ya mwaka 1940. Alikuwa ndiye nyenje mdogo mwenye kofia ndefu na mwavuli, Jiminy Cricket, anayepewa kazi ya kuwa dhamiri ya kikaragosi cha mti. Wimbo unaofungua filamu hiyo, kampuni ya Walt Disney imeufanya utambulisho wake hadi leo. Watoto wa nchi nyingi wamekua nao. Jina la aliyeuimba hawalijui, wala wazazi wao hawalijui.

Kisa cha namna hii kina maelezo mawili yaliyo tayari mdomoni. La kwanza linasema msanii alikunywa, akacheza kamari, akaoa na kuacha, basi akavuna alichopanda. La pili linasema Hollywood ilimnyonya, utamu ulipokwisha ikamtupa. Yote mawili yana ukweli ndani yake, na yote mawili yanamwacha mtu mwenyewe nje. Ukisikiliza santuri zake za miaka ya 1920, kisha ukazitazama filamu zake za baadaye, unachokutana nacho ni habari ya kazi. Huyu ni fundi aliyefunzwa katika kumbi ambamo sauti na mwili havikuachana, akamalizia siku zake katika kiwanda kilichojua kuvitenganisha.

Kumbi hizo zilikuwa za vodevili, burudani kuu ya mijini Marekani kuanzia miaka ya 1880 hadi ilipokuja sinema ya sauti. Tony Pastor alifungua ukumbi wake New York, Mtaa wa 14, mwaka 1881, akasafisha maonyesho ya matusi na ulevi ili wanawake na watoto nao waingie. B. F. Keith na mshirika wake Edward Albee wakajenga mtandao mkubwa wa kumbi mji baada ya mji. Msomaji aliyewahi kukesha na vikundi vya Muungano au TOT jijini Dar es Salaam, akaona ngoma, sarakasi, kichekesho, igizo na taarab vikipokezana jukwaani usiku mmoja, hahitaji maelezo marefu. Tofauti ilikuwa katika ratiba. Msanii wa vodevili alipewa dakika zake, kumi au ishirini hivi, akazirudia mara mbili kwa siku katika kumbi kubwa na mara nyingi zaidi katika zile ndogo. Wiki ikiisha alipanda treni kwenda mji mwingine na dakika zilezile.

Dakika hizo ndizo zilizokuwa shamba lake. Kwa kuwa watazamaji walibadilika kila alikokwenda, aliweza kulea familia kwa onyesho moja miaka kadhaa, huku akilinoa kidogo kidogo: neno lililopoa mji huu analing'oa, lililochekwa mji ule analiongezea pumzi. Ndiyo maana wizi wa onyesho ulichukiwa kuliko ulevi au deni. Gazeti la Variety lilikuwa na idara maalumu iliyopokea bahasha zilizofungwa, ndani yake msanii ameandika vichekesho vyake. Mwingine akija kuvitumia, bahasha inafunguliwa na kuwa ushahidi.

Edwards alizaliwa mwaka 1895 huko Hannibal, jimbo la Missouri, mji wa kando ya mto Mississippi alikokulia Mark Twain. Aliacha shule akiwa na miaka 14, akaenda St. Louis kuimba kwenye vilabu vya pombe. Humo piano zilikuwa mbovu au hazikuwapo kabisa, naye alihitaji ala ya kujipigia mwenyewe. Akaingia dukani akanunua ukulele, kwa kuwa hakukuwa na ala ya bei nafuu kuliko hiyo. Kigitaa hicho cha nyuzi nne kilitokana na ala za Wareno wa Madeira waliohamia Hawaii mwaka 1879, na maonyesho makubwa ya San Francisco ya mwaka 1915 yalikifanya kipendwe Marekani nzima. Jina nalo alilipata kwa bahati. Mhudumu wa klabu moja ya Chicago alishindwa kulikumbuka jina lake, akawa anamwita Ike, naye akalikubali. Akawa Ukulele Ike. Mwaka 1918 aliimba “Ja-Da”, wimbo wa mpiga piano Bob Carleton, ukavuma, na haukupita muda mrefu akapanda jukwaa la Palace, New York, pamoja na mchezaji Joe Frisco. Katika ulimwengu wa vodevili hapakuwa na jukwaa la juu zaidi ya hilo.

Ukulele una sauti ndogo. Kilichojaza ukumbi ni koo lake. Katikati ya wimbo, pale ambapo bendi ingeachia tarumbeta, Edwards anayaacha maneno na kupiga tarumbeta kwa mdomo. Sauti inapanda hadi ile nyembamba ya juu, inakwaruza, inayumba, kisha inateleza kurudi chini kwenye ubeti, na muda wote huo vidole vinaendelea kuutekenya mdundo. Anayafanya hayo katika santuri ya mwaka 1922, miaka minne kabla ya “Heebie Jeebies” ya Louis Armstrong, iliyoutangaza mtindo wa kuimba silabi zisizo na maana. Hilo halimfanyi kuwa mvumbuzi. Ufundi huo ni wa wanamuziki weusi wa Marekani, na kijana wa Missouri aliusikia kwao akauchukua. Uchukuaji huo una deni lake, na deni hilo lilikuja kudaiwa miaka mingi baadaye.

Kwanza alipanda. Tarehe 1 Desemba 1924 alikuwa Broadway katika Lady, Be Good!, igizo la muziki la George na Ira Gershwin, pamoja na Fred Astaire na dada yake Adele. Mwaka 1928 santuri yake ya “I Can't Give You Anything but Love” ilipendwa kote nchini. Mwaka uliofuata studio ya MGM ilimweka katika The Hollywood Revue of 1929, filamu iliyojengwa kama usiku wa vodevili, kila nyota na zamu yake. Humo, akiwa na ukulele wake chini ya mvua ya studio, aliimba “Singin' in the Rain”, wimbo wa Arthur Freed na Nacio Herb Brown. Leo ukiutaja wimbo huo, anayekuja akilini ni Gene Kelly wa mwaka 1952, na nguzo ya taa, na viatu vinavyorusha maji. Mtayarishaji wa filamu hiyo ya pili alikuwa Freed yuleyule. Wimbo ulipewa mwili mwingine, na wa kwanza ukasahaulika mwenyewe akiwa bado hai.

Sinema ya sauti ililipa vizuri, lakini ilikula onyesho. Dakika 15 zilizomlisha msanii miaka kumi barabarani, kamera ilizimaliza siku moja, kisha zikaonekana katika miji yote aliyokuwa akiizungukia. Akirudi huko na vichekesho vyake anakuta vimeshachekwa. Mwaka 1928 mtandao wa Keith-Albee-Orpheum ulimezwa ili kuundwa kampuni ya filamu ya RKO, na mwaka 1932 Palace yenyewe ikageuzwa kuwa ukumbi wa sinema. Wasanii wakatawanyika: huyu redioni, yule kwenye klabu za usiku, mwingine akigombea nafasi ya mhudumu wa hoteli katika filamu za watu wengine. Edwards aliangukia kwenye kazi ya rafiki wa shujaa. Katika Doughboys ya mwaka 1930 anakaa na Buster Keaton, mtoto mwingine wa vodevili, wakipiga ukulele na kuimbishana silabi za ovyo. Ni dakika chache za watu wawili wanaofanya kazi waliyozaliwa nayo, katika filamu isiyojua izitumie vipi. Miaka ya 1940 ikamkuta akipanda farasi nyuma ya Charles Starrett na Tim Holt katika filamu za makauboi, akiwachekesha watoto shujaa anapopumzika.

Mali bila daftari, wahenga walisema, huisha bila habari. Fedha za miaka ya 1920 zilikwenda kwenye kamari, pombe, dawa za kulevya na matunzo ya wake aliowaacha, kwani alioa mara tatu. Zaidi ya mara moja alikwenda mahakamani kutangaza kuwa amefilisika. Mengi zaidi ya haya yameandikwa, na hayaongezi kitu.

Cha kuangalia ni kile kilichotokea kwa sauti yake wakati mwili ukipoteza thamani sokoni. Mwaka 1939, katika Gone with the Wind, Edwards yumo ndani ya wodi ya majeruhi. Ni askari anayesimulia habari za kwao. Uso wake hatuuoni, tunamsikia tu. Februari 1940 ikatoka Pinocchio. Sauti inaanza huku majina yakipita, na kwaya nyuma yake. Hakuna ukulele, hakuna mzaha. Anaimba polepole, kila neno akiliweka chini kama kitu kinachovunjika. Ukifika mwisho, noti inapanda na kuingia kwenye ile sauti nyembamba ya juu. Ni tarumbeta yake ya mdomo ya siku za ujana, safari hii bila mkwaruzo, safi, na anaishikilia bila kutetemeka. Mbinu iliyotengenezwa ili kuwazidi walevi kelele sasa inatumika kumwimbia mtoto anayekaribia kulala.

Wimbo ukiisha tunamwona nyenje mwenyewe kwenye rafu, kando ya vitabu. Anageuka, anaanza kuzungumza nasi, anafungua kitabu kizito kwa taabu na kutualika ndani. Hapo vodevili imeingia kwenye katuni na miguu yote miwili. Mwigizaji wa tamthilia hujifanya kwamba watu hawapo, lakini mwanavodevili huingia akiwasalimu, kwa sababu ana dakika chache za kuwafanya wawe upande wake. Jiminy anafanya hivyo filamu nzima. Mambo yakiharibika anatugeukia sisi kwanza.

Katika kitabu cha Carlo Collodi nyenje ni mzee wa mawaidha, na kikaragosi kinamuua kwa nyundo mapema kabisa. Wachoraji wa Disney, Ward Kimball akiwa mmoja wao, walimfanya mtu mwingine. Nyenje wao anaingia na nguo zilizochanika, anatafuta pa kuota moto. Malaika wa kike anamvika suti mpya na kumpa cheo, na siku ya kwanza ya kazi anapitiwa na usingizi. Kikaragosi kinapoanza kushangiliwa kwenye jukwaa la Stromboli, mwenye maonyesho ya vikaragosi, Jiminy anakata tamaa na kutaka kwenda zake, akijiambia kwamba mwigizaji hana haja ya dhamiri. Kuna wanaofurahia kejeli ya mtu mwenye madeni na chupa kuigiza dhamiri ya watoto wa dunia. Kejeli hiyo ni rahisi mno. Mahubiri ya mtu mwadilifu yangekuwa yamezeeka baada ya mwaka mmoja. Jiminy anasikika mpaka leo kwa kuwa anajua kuchelewa, kutamani, kuaibika na kurudi, na sauti inayosema hayo haionekani kuyakisia.

Filamu haikutaja jina la mwenye sauti. Katika katuni ndefu za Disney za wakati ule waliotoa sauti hawakuandikwa kwenye filamu. Adriana Caselotti aliyekuwa Snow White mwaka 1937 alifichwa vivyo hivyo. Tuzo ya Oscar ya wimbo bora ilipotolewa, ilikwenda kwa Leigh Harline aliyetunga muziki na Ned Washington aliyeandika maneno, kama kanuni za tuzo hiyo zinavyotaka. Aliyewapa watu sababu ya kuupenda wimbo huo hakuwa na mahali pa kuandikwa.

Kufichwa huko kulikuwa na upande mwingine, na hapa ndipo lile deni kwa wanamuziki weusi lilipokuja kudaiwa. Oktoba 1941 ilitoka katuni ya Dumbo, na ndani yake mna kundi la kunguru wanaomcheka tembo mwenye masikio makubwa, kisha wanamwonea huruma na kumfundisha kuruka. Kunguru kadhaa walitolewa sauti na waimbaji weusi wa kwaya ya Hall Johnson. Kiongozi wao ni Edwards, Mzungu anayeigiza lafudhi ya watu weusi. Katika karatasi za studio kunguru huyo aliitwa Jim Crow, jina la sheria zilizowatenga watu weusi katika majimbo ya Kusini, na kabla ya sheria hizo lilikuwa jina la mhusika wa wachekeshaji Wazungu waliojipaka masizi usoni. Vodevili ilirithi masizi hayo moja kwa moja. Jukwaani mtazamaji aliyaona na kujua anachouziwa. Katuni haikuhitaji masizi, kwa kuwa mwili haukuwapo. Wimbo wa kunguru ni mzuri, mdundo wake unachezeka, na ufundi wa Edwards uko juu kabisa. Lakini ni ufundi aliojifunza kwa watu ambao katika filamu hiyo hiyo wamewekwa nyuma yake. Kiwanda kilichomfanya asionekane ndicho kilichomruhusu kujificha ndani ya sauti za wengine. Mtu anayelilia jina la Cliff Edwards lazima ahesabu na hayo.

Si wote waliotoka vodevili walipotea namna hii. Ed Wynn, aliyeanza jukwaani akiwa kijana na kuwa mfalme wa vichekesho vya redio miaka ya 1930, alitoa sauti ya Mad Hatter mwenye wazimu katika Alice in Wonderland ya mwaka 1951. Lakini mhusika huyo alichorwa akifanana naye, na Wynn akarudi na uso wake mwenyewe: aliteuliwa kuwania Oscar kwa The Diary of Anne Frank ya mwaka 1959, na katika Mary Poppins ya mwaka 1964 ndiye mzee anayecheka mpaka anaelea darini. Kwa upande wa sauti, Mel Blanc, mtu wa redio, alianza kuandikwa jina kwenye katuni za Warner Bros. katika miaka ya 1940, na jina hilo likageuka biashara: watayarishaji wa redio walijua wampigie nani simu. Basi kuandikwa jina kuliwezekana, hata wakati ule.

Edwards aliendelea kuwa Jiminy popote alipoitwa. Alikuwamo katika Fun and Fancy Free mwaka 1947, na kuanzia mwaka 1955, katika kipindi cha televisheni cha Mickey Mouse Club, nyenje huyo aliwafundisha watoto kuvuka barabara na kutochezea moto. Alipougua uzeeni, kampuni ya Disney ililipa kimyakimya sehemu kubwa ya gharama za matibabu yake. Alipofariki na habari za mwili wake zikajulikana, mifuko miwili ya kuwasaidia wasanii wa jukwaa na wa sinema ndiyo iliyousitiri, akazikwa katika makaburi ya Valhalla, North Hollywood. Disney ikalipia jiwe la kaburi. Kampuni iliyoliacha jina lake nje ya filamu mwaka 1940 ililigharamia kuchongwa alipokwisha kufa. Siiandiki habari hii kwa kejeli. Waliofanya hivyo walifanya jema, na katika mji ule wema wa aina hiyo haukuwa lazima.

Mwaka 1973 kazi ya Jiminy Cricket alipewa Eddie Carroll, akaifanya kwa zaidi ya miaka 30, hadi alipofariki mwaka 2010. Aliajiriwa ili asikike kama Edwards, na aliifanya kazi hiyo kwa heshima. Kwa kanuni za vodevili, kumwiga mtu hadi asitofautishwe kulikuwa kosa la kufunguliwa bahasha. Katika kiwanda cha katuni ni ajira halali. Onyesho limegeuka cheo, na cheo hurithiwa. Hata hivyo bahasha ya Variety isingemsaidia Edwards, kwa sababu ililinda maneno, na maneno hayakuwa mali yake. Nyimbo zake zote kubwa zilitungwa na wengine. Chake kilikuwa kile kinachotokea noti inapopanda, na hicho hakiandikiki.

Hapo ndipo habari yake inapotufikia sisi. Mwaka 2023 waigizaji wa Marekani waligoma miezi karibu minne, na mojawapo ya madai yao lilikuwa kwamba kompyuta isinakili sura au sauti ya mtu bila ridhaa yake na bila malipo. Wengi walilichukulia dai hilo kuwa jambo jipya la zama za mashine. Lina umri wa miaka themanini na zaidi. Siku ambayo sauti iliweza kuuzwa bila mwili, ilihitajika sheria ya kusema sauti ni ya nani, na waliokuwa wa kwanza kuiuza hivyo hawakuwa nayo. Edwards hakuibiwa, alilipwa, akatumia, zikaisha. Alichokosa hakikuwa fedha. Hakuwa na njia ya kudai kwamba kile kilichotoka kooni mwake, chema na kibaya, cha nyenje na cha kunguru, kilikuwa kazi ya mtu mmoja anayeweza kusifiwa na kulaumiwa kwa jina lake.